Mto Nyuma ya Ndege

Kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki. Kwa hiyo pale saluni kwetu Yeoville, mtaa wa Johannesburg, Jumatatu, siku ambayo wateja ni wa kuhesabu, tulikuwa tukisukana sisi kwa sisi. Tulikuwa watatu: mwenye saluni, mimi, na mwanamke aliyekodi kiti kando ya changu. Mwenye saluni alinisuka mimi, akamsuka na yule mwenzangu, na mmoja wetu akamsuka yeye. Lakini mimi na yule mwanamke hatukugusana vichwa kwa miaka miwili. Tulitumia kioo kimoja, ndoo moja ya maji ya moto na soketi moja ya umeme, na ukiondoa salamu, ambayo yeye aliitoa kila asubuhi na mimi nikaipokea kwa pua, hatukuwa na neno.

Yeye hakunikosea kitu. Sababu ilikuwa sauti yake.

Mimi ni mzaliwa wa vilima vilivyo juu ya Bukavu, na nina kisirani, nisikufiche. Nina pia sikio ambalo nimejivunia maisha yangu yote. Wateja walikuwa wakinichezesha: nasimama nimeupa mlango mgongo, mtu anaingia, anasema maneno mawili, nami nasema huyu ni wa Goma, huyu wa Uvira, huyu wa Lubumbashi, yule Mrundi aliyekaa Kigoma. Nilikosea mara chache sana. Asubuhi ile mwanamke yule alipokuja kukodi kiti, akasimama mlangoni na kusema, "Jambo, maman, umeamuka muzuri?", sikuhitaji kumwuliza kwao. Alikuwa wa upande wa pili wa mlima wetu. Watu wa kule, mwisho wa neno huuburuta kidogo, halafu huuachilia.

Mburuto ule niliusikia nikiwa na miaka kumi na minne, nimelala kifudifudi kwenye mtama nyuma ya nyumba yetu. Wanaume walikuwa wakizungumza polepole, kwa utulivu, kama walivyo watu walio kazini. Nyuma ya maneno yao paa letu lilikuwa likiungua na kualika. Kaka yangu waliondoka naye, na hatukumwona tena, hata nguo yake hatukuiona. Nyuso zao sikuziona. Nilibaki na sauti tu, nikaja nayo mpaka Johannesburg. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia asubuhi ile saluni, na sasa kimekodi kiti.

Mwaka 2016, nadhani ilikuwa mwezi wa tatu kwa sababu bado mvua za mchana zilikuwa zikinyesha, mteja wangu mmoja Mkenya aliniona nikicheza mchezo wangu. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtaalamu wa ndege, akikaa Turffontein na wanawe, na kila Jumamosi ya tatu alivuka mji kuja kusukwa kwetu. Mimi nilimwita Daktari.

"Ebu ngoja," aliniambia akinitazama kwenye kioo. "Umejuaje huyo ametoka Uvira na hata hujageuka?"

"Nasikiaka tu, Daktari."

"Na ndege je? Unaweza kuwasikia hivyo?"

"Ndege gani tena? Kuku?"

Hakucheka. Alisema ana kazi ya masikio, saa chache kwa wiki, na wanafunzi wake wana macho mazuri lakini masikio yao yamekufa kwa muziki. Wiki iliyofuata nilianza. Jumanne na Alhamisi baada ya saa sita niliteremka kwa miguu kupitia Hillbrow, nikavuka mpaka chuoni, nikafungiwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zake zimebandikwa zulia. Mezani palikuwa na kompyuta na vipokea sauti vizito vya kuvaa masikioni.

Ndege wenyewe walikuwa wa mbali, wa misitu ya milimani huko Amerika ya Kusini. Ni ndege wadogo wanaokamata nzi hewani na kurudi kwenye tawi walilotoka. Daktari alinionyesha picha za wawili: mgongo wa kijani kilichofifia, kifua cha manjano hafifu, utadhani wamefuliwa beseni moja na nguo inayochuja. Niliwatazama kutwa nzima sikuona tofauti. Vitabu vyote vilisema ni ndege mmoja. Daktari aliamini ni wawili, mmoja upande huu wa bonde refu, mwingine upande ule, na kwamba waliitwa mmoja kwa sababu waliowapa jina waliwatazama tu bila kuwasikiliza.

"Na wakiwa wawili inasaidia nini?" nilimwuliza.

"Upande ule wanakata msitu wafuge ng'ombe. Wakiwa ndege mmoja, watu watasema si wako wengi tu huku ng'ambo. Wakiwa wawili, wale wa kule watahesabiwa peke yao. Labda mtu atawaonea huruma."

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa, mamia, kila moja ina namba tu, na kuzitenga makundi kwa jinsi nilivyosikia. Mahali ziliporekodiwa palikuwa pameandikwa kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya bahasha, nayo ikawekwa kwenye mtoto wa meza na kupigwa gundi, ili hata Daktari mwenyewe asishawishike kuchungulia.

Jambo moja alilonieleza siku ya kwanza lilinikaa. Alisema ndege wengi huimba kwa kufundishwa na wazazi, lakini hawa hawafundishwi. Chukua yai, umlee kifaranga peke yake asisikie mwenzake hata mmoja, siku yake ya kuimba ikifika ataimba wimbo wa kwao.

"Hata asipoutaka?" niliuliza.

"Kwani nani anamwuliza kama anautaka?" alinijibu, akafunga mlango.

Miezi ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa isiyouma. Nilivaa vile vipokea sauti na Johannesburg ikaondoka. Ukungu ulikuja. Matone yalidondoka kutoka jani hadi jani, kitu kikubwa kilipiga mabawa mbali, kisha, karibu kabisa, kile kisauti chembamba kikaita mara tatu na kunyamaza. Nilifumba macho. Mara nyingine msitu ule ulikuwa wa kwetu, nikasikia miguu ya mama yangu kwenye majani mabichi, na nilijua si yeye, lakini sikujisumbua kumfukuza. Saa tano za kazi zilipita sijui zilikopita. Nilipotoka jioni nilisimama kwenye roboti ya pale kona, taa ya barabarani ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, mimi bado nimesimama, na madereva wa teksi wakinitukana kwa Kizulu kwa furaha kabisa. Chini ya miti ya jakaranda palikuwa na majani ya manjano yaliyokanyagwa, nikayapita kana kwamba natembea ndani ya maji.

Makundi yalijitenga upesi. Kundi la kwanza lilikuwa na ubaridi fulani, sauti zenye unyevunyevu. Kundi la pili lilikuwa kavu. Sikujua kueleza zaidi ya hapo, na sikuona haja. Nilirudi saluni nikitamba. Niliwaambia kwamba kuna ndege Amerika ambao wazungu wamewakosea kwa miaka nenda rudi, na sikio la mtu wa Bukavu ndilo linawarekebisha. Moyoni nilijiambia kwamba kama sikio langu liko sawa kwa ndege, basi na kwa yule wa kiti cha pili liko sawa.

Ajabu ni kwamba ni yeye tu aliyeniuliza.

"Dada," alisema siku moja, mikono yake ndani ya nywele za mteja, "bale bandege banaimbaka namna gani?"

Wengine wote walitaka kujua nalipwa nini. Yeye alitaka kusikia wimbo. Ningeweza kumwimbia, nilikuwa naujua usingizini.

"Wanaimba tu," nilimjibu, nikawasha mashine ya kukausha nywele.

Mwezi wa tisa mwenye saluni alisafiri kwenda Lubumbashi kwa mazishi ya baba yake, akatuachia funguo. Alikaa kuliko alivyosema. Tukabaki wawili, na kila mmoja nywele zinamwota. Mimi nilikwenda Hillbrow nikasukwa na watu baki, tena vibaya, nikalipuliwa kama sare ya shule. Yeye alifunga kitambaa. Wiki ya kwanza kitambaa kilikuwa kizuri. Wiki ya nne wateja walianza kumtazama kwa jicho la pembeni, maana kichwa cha msusi ndicho kibao chake. Nilimsikia mmoja akimwuliza mwenzake kwa sauti ya wazi, "Eish, msusi gani huyu anaficha nywele?" Wakaja kukaa kwenye kiti changu. Niliwapokea, Mungu anisamehe, na niliona raha. Jumatatu mbili nilimwona amekaa mbele ya kioo chetu, amefungua kitambaa, anajaribu kujisuka mwenyewe kisogoni kwa kupapasa. Sikusimama.

Basi ikaja Alhamisi moja ya joto. Nilikuwa nimekula wali, nimeshiba, na kile chumba kilikuwa kimya hata nilisikia damu yangu. Usingizi ulikuwa ukija na kurudi. Sauti mpya ikaanza, mkono wangu ukaandika: kundi la kwanza. Kisha ndege akaimba.

Nilitazama nilichoandika. Niliandika kabla ndege hajafungua mdomo.

Niliirudisha ile sauti mwanzo. Palikuwa na muda mrefu wa maji tu, mto unapita juu ya mawe, na hakuna ndege. Nikafungua nyingine ya kundi la kwanza. Maji. Nyingine. Maji kwa mbali. Nikafungua za kundi la pili: wadudu, upepo, majani makavu, na hata tone moja halisikiki. Ule unyevunyevu niliojisifia haukuwa kwenye koo la ndege yeyote. Kwa miezi sita nilikuwa nikitenga mito.

Nilikaa pale vipokea sauti viko shingoni, nimeona aibu hata peke yangu. Ningeweza kunyamaza. Huenda bahasha ingekubaliana nami, kama upande mmoja wa bonde una mto na mwingine hauna. Lakini nilijua kwamba sitaweza kuketi na hilo, na nilikwenda nikagonga mlango wa Daktari kabla sijabadili mawazo.

"Daktari, mimi sijasikiliza ndege. Nimesikiliza mto."

Nilimweleza yote. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Miezi sita," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe! Miezi sita! Si ningemweka hata mwanangu hapo akabonyeza bonyeza tu!" Alisimama, akaketi, akasimama tena. Nilingoja anifukuze. Akaniuliza kwa sauti nyingine, ya chini, "Ungenyamaza nani angejua?"

"Hakuna."

"Haya, nenda nyumbani. Nisije nikasema kitu."

Aliniita baada ya wiki tatu. Alikuwa amezipitia sauti zote mwenyewe kwenye kompyuta, akakata yaliyotangulia na yaliyofuata, akafuta maji na wadudu, akabakiza ile miito mitatu ya ndege peke yake. Akazipa namba mpya. "Anza upya," aliniambia, na hakuniuliza kama nataka.

Sasa nikiri jambo ambalo Daktari sikumwambia. Safari ile ya pili nilitamani wawe ndege mmoja. Nilitamani kwa nguvu. Kwa sababu kama walikuwa mmoja, basi sikio langu lilikuwa la uongo, na kama lilikuwa la uongo kwa ndege, huenda na yule mwanamke hakuwa wa upande ule hata kidogo. Huenda alikuwa wa Kalemie au Kindu. Ningeweza kumsalimia kesho yake na kumsuka, na nisingelazimika kumsamehe mtu yeyote kitu chochote. Mkono wangu uliutaka ule urahisi. Mara kadhaa niliukamata ukitaka kuweka pamoja sauti ambazo hazikukaa pamoja, nikaurudisha.

Msitu haukuwepo tena. Hapakuwa na ukungu, wala matone, wala miguu ya mama yangu. Palikuwa na koo tupu la kiumbe kidogo likiita mara tatu ndani ya ukimya, na kimya kile kilinitisha mwanzoni. Nilisikiliza kwa miezi miwili. Polepole nikaanza kusikia kitu ambacho mto ulikuwa umekifunika siku zote: mwito wa tatu. Kuna walioushusha mwishoni, na kuna walioubakiza juu, umening'inia. Tofauti yenyewe ndogo mno, lakini haikuyumba.

Siku ya bahasha Daktari aliikata kwa mkasi, akasoma namba, mimi nikasoma zangu. Tulisoma kwa zamu kama watu wanaosali rozari. Walioshusha walikuwa wa upande huu wa bonde. Waliobakiza juu walikuwa wa upande ule. Hata wale niliowakosea mara ya kwanza, ndege wa upande mkavu waliorekodiwa kwa bahati karibu na kijito, sasa walikuwa wamerudi kwao.

"Ni wawili," Daktari alisema. Kisha akasema tena, akashika ukingo wa meza, na nikaona machozi. Msitu ule wa mbali ungepata ndege wake wa kuhesabiwa. Nilimkumbatia, nikafurahi naye kwa kweli. Halafu nilitembea kurudi Yeoville, kupanda kile kilima, na furaha ikabaki kule chuoni.

Kwa sababu sikio halikuwa limenidanganya. Tofauti ilikuwepo, na mwanamke yule alikuwa wa upande ule kama nilivyosikia asubuhi ya kwanza, akiwa na wimbo ambao hakuna aliyemwuliza kama anautaka. Lakini ule moto niliousikia kila aliponisalimia, lile paa likialika, halikuwa kooni mwake. Lilikuwa langu, nimelibeba mimi, nikamwekea nyuma ya sauti yake kwa miaka miwili. Nyani haoni kundule. Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa moja njiani nikalia, na mwuza mahindi akanipa hindi moja la kuchoma bila kuniuliza.

Jumatatu iliyofuata umeme ulikatika mtaa mzima. Mashine za nywele zilizima, redio ikazima, hata friji ya spaza, kile kiduka cha jirani, iliyokuwa ikinguruma ukutani mwetu ikanyamaza. Mwenye saluni alikuwa hajarudi, mwezi wa nne sasa. Tulikuwa sisi wawili mbele ya kioo, yeye na kitambaa chake, mimi na misuko yangu ya Hillbrow inayofumuka.

"Jambo, dada," alisema. "Umeamuka muzuri?"

Nilimsikiliza. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka kidogo, ina mburuto mwishoni, basi.

"Nimeamuka," nilisema. "Nataka kukuambia kitu. Mimi najua kwenu ni wapi. Tangu siku ya kwanza. Na kwa sababu ya hiyo sikukusuka."

Mikono yake ilitulia mapajani.

"Kaka yangu waliondoka naye," nilisema.

Aliinua macho. Kisha akasema, akiniangalia ndani ya kioo, "Miye pia nilikujua. Siku ile ile. Ulisema 'karibu' moja tu, nikajua huyu ni mutu wa kule kwao. Bwana yangu balimutoa ndani ya gari, njiani. Balikuwa banasema kama weye."

Nje teksi ilipiga honi, ikapita. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na mimi nina sauti.

"Na kila asubuhi ulikuwa unanisalimia?"

"Mwanzo ilikuwa woga. Nilisemaka, nikimusalimia hatanifanya kitu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kisha nikazobelea, ikakuwa kawaida. Kisha sijue tena. Kiti yako njo hii, yangu njo hii. Ningesalimia nani?"

Nilichukua kitana. "Kaa vizuri," nilimwambia. "Nikusuke."

Hakukifungua kitambaa. Alinyoosha mkono, akanipokonya kile kitana taratibu, akasimama.

"Hapana," alisema. "Weye njo ukae kwanza."

Kitana chetu cha kazi kina mkia wa chuma, mwembamba, wa kugawia nywele. Wanawake wengi wamenipa visogo vyao na mkia ule mkononi mwangu, na sikuwahi kufikiri wananipa nini. Niliketi. Nilimpa mgongo. Alifumua misuko mmoja baada ya mwingine mpaka kichwa kikawa wazi na shingo yangu ikapata baridi. Ncha ya chuma ikanigusa utosini, ikashuka taratibu mpaka kisogoni, na hapo ikasimama.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Miye pia," alisema, akaanza kugawa nywele.